Bastola ya mashindano: nani aguse chuma cha ndani, mwenye nayo au fundi?

Kila mtu anakumbuka ile picha. Ilikuwa mwishoni mwa Julai 2024, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris. Mturuki mmoja wa miaka 51, Yusuf Dikeç, mwenye mvi, amesimama na tisheti yake, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyoosha bastola. Hana ile miwani ya ajabu ya kufunika jicho moja waliyovaa wengine. Tarehe 30 Julai, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha nyuma ya Serbia. Kwa siku chache simu zetu zilijaa picha yake na vichekesho: baba katoka nyumbani kununua mkate, karudi na medali.

Mashindano yenyewe hayakufanyika Paris bali Châteauroux, katikati ya Ufaransa. Na kuna jambo ambalo picha haikuonyesha. Bastola zote za mashindano yale zilitakiwa kwanza kupita mezani pa wakaguzi. Ni bastola za hewa, hazitumii baruti. Hazipaswi kuzidi kilo moja na nusu. Lazima ziingie katika sanduku lenye vipimo vilivyowekwa. Na kifyatulio, ile sehemu ya kuvuta kwa kidole ambayo wengi kwetu huita gasheti, lazima kibebe uzito wa gramu 500 bila kuachia. Kikiachia mapema, bastola hiyo haingii uwanjani, hata mwenye nayo awe bingwa wa dunia.

Gramu 500 ni nusu kilo ya sukari. Ni kitu kidogo sana, na ndani ya hicho kidogo kuna mabishano makubwa. Kuna watu wengi, hasa Marekani, wanaomaliza jioni zao mezani nyumbani, taa ikiwaka, bastola imefunguliwa vipande vipande, wakitafuta kifyatulio kiwe laini zaidi, kizito kidogo chini ya jana, chenye kuachia ghafla kama unavyovunja kijiti cha kioo. Wengine wanasema huo ni wazimu: mpelekee fundi, lipa, subiri.

Najua msomaji wa Bukavu au Beni anajiuliza hii inatuhusu nini. Kwetu bunduki si mchezo. Mlio wa masasi usiku hautukumbushi medali. Mimi pia nilijiuliza kabla ya kuandika. Lakini kadiri nilivyosoma kanuni za mchezo huu na mambo ambayo mafundi wake wanakatazana, niliona swali tunalolijua sana sisi wa huku. Kifaa ni chako, umekilipa mwenyewe, una video za YouTube na una tupa mkononi. Haki yako ya kukigusa inaishia wapi? Ukikosea kwenye simu, kosa lako linaua simu yako. Ukikosea kwenye breki za pikipiki, kosa linaweza kumuua abiria ambaye hata jina lake hulijui.

Chuma cha Browning

Kwa wapenzi wa mchezo huu, bastola inayoleta mabishano kuliko zote ni ile inayoitwa 1911, kwa sababu jeshi la Marekani liliipokea mwaka huo. Ilibuniwa na John Moses Browning, aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855, mtoto wa fundi wa bunduki, aliyekulia katika karakana ya baba yake. Jeshi liliibakiza kama bastola yake kuu hadi 1985.

Browning si mtu wa mbali sana na historia yetu. Alifanya kazi miaka mingi na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, na ni huko Liège alikofariki tarehe 26 Novemba 1926, akiwa kazini. Kutoka kiwanda hicho hicho cha Herstal ilikuja baadaye bunduki ya FAL, ambayo wazee wetu waliiona kwa macho katika Congo ya miaka ya 1960. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mikono ya mafundi wa Liège, tunazungumza juu ya watu ambao kazi yao ilifika hadi kwetu, ingawa si kwa michezo.

Bastola ya askari hutengenezwa kwa namna yake. Vipande vyake havibanani sana. Vinaachiwa nafasi kidogo ili matope, mchanga na masizi ya baruti visiizuie kufanya kazi. Ukiitikisa unaisikia ikilia. Kwa askari huo si ubovu, ndiyo maisha yake. Lakini mshindani anataka kinyume. Katika mashindano ya zamani ya Kimarekani, yale ya kusimama na kupiga kwa mkono mmoja, sehemu ya risasi hupigwa kwa umbali wa yadi 50, karibu mita 46. Mduara wa kupata alama kumi una upana wa sentimita nane na nusu hivi. Ni kama mdomo wa kikombe cha chai, upande wa pili wa uwanja mdogo wa mpira, na mkono mmoja hewani. Mashindano kamili ni risasi 270, alama 2700. Nafasi ile iliyomsaidia askari kwenye matope, hapa inatawanya risasi.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya fundi wa bastola za mashindano. Anabana vipande, anaweka mtutu mpya na kuukalisha kwa mkono mpaka urudi mahali pale pale kila risasi, anasawazisha kifyatulio. Jeshi la Marekani lenyewe liliunda mwaka 1956 kikosi cha walenga shabaha huko Fort Benning, Georgia, na kikosi hicho kina karakana yake na mafundi wake. Maana yake hata jeshi lenye viwanda vya kila aina liliona kwamba bastola ya kiwandani haitoshi, kuna kazi inayobaki kwa mkono wa mtu.

Lakini wapo pia raia, na hapa watu wa kufanya wenyewe wanapata hoja yao nzuri kuliko zote. Jim Clark wa Louisiana alishinda ubingwa wa taifa wa bastola mwaka 1958. Hakuwa askari wala polisi wakati huo. Alikuwa mpiga shabaha na fundi kwa pamoja, na karakana yake ilijulikana nchi nzima. Ukiwaambia wapenzi wa bastola waache chuma kwa wataalamu, watakujibu kwa jina kama hilo: wataalamu walitoka wapi, kama si kwa watu walioanza kwa kufungua bastola zao wenyewe? Browning mwenyewe alijifunzia wapi, kama si kwenye takataka za chuma za baba yake?

Ni hoja ya kweli. Ila ina kitu inachokisahau, nitarudi kwacho.

Mwaka 1976, katika mji wa Columbia, Missouri, iliundwa IPSC, shirikisho la upigaji wa bastola wa mwendo: mtu anakimbia, anapiga shabaha nyingi, saa inahesabu. Mchezo huo ulienea nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwamo. Una madaraja. Katika baadhi yake mabadiliko kwenye bastola yamewekewa mipaka mikali, katika mengine karibu kila kitu kinaruhusiwa. Na kwa kuwa kila sehemu ya sekunde ina thamani, soko la vipuri limekuwa kubwa ajabu. Bastola za kizazi kipya, kama Glock ya Austria iliyopokelewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982, zinafunguka kwa urahisi. Vipuri vinakuja kwa posta vikiwa tayari, unatoa cha zamani unaweka kipya. Mtu ambaye hajawahi kushika tupa maishani mwake anaweza kujiita fundi Jumamosi asubuhi.

Kinachotokea ndani

Ili kuelewa hofu ya mafundi, tufungue bastola ya 1911 kwa maneno tu. Nyuma yake kuna nyundo ndogo. Ukiivuta nyuma, inakaa imekazwa na resori, tayari kuanguka na kuwasha risasi. Kinachoizuia isianguke ni jino dogo la chuma lililoingia katika mkato mdogo zaidi. Eneo ambapo vyuma hivyo viwili vinashikana ni jembamba kuliko unene wa kadi ya benki. Kidole kinapovuta kifyatulio, jino linateleza, nyundo inaanguka.

Kila kitu anachokisikia mshindani kwenye kidole chake kinatoka kwenye uso ule mwembamba. Ukiwa na mikwaruzo, kifyatulio kinakwama kwama. Ukiwa laini, kinaachia safi. Basi mtu wa nyumbani anachukua jiwe la kunolea na kuanza kusugua. Dakika kumi baadaye anavuta kifyatulio, na kweli, ni kitamu. Anafurahi. Anapiga picha, anawatumia marafiki.

Shida ni kwamba chuma hicho mara nyingi kimechomwa ili kiwe kigumu juu tu, kama ganda la mkate. Ndani ni laini zaidi. Aliyesugua sana amelitoa ganda bila kujua, maana jicho halioni tofauti. Siku ya kwanza bastola inafanya kazi vizuri. Wiki ya kwanza pia. Lakini chuma laini kinalika. Pembe ya jino inabadilika kidogo kidogo, risasi baada ya risasi, mpaka siku moja mtu anapakia bastola, sehemu ya juu inajifunga kwa nguvu, mtikiso unaliachisha jino, na bastola inalia bila kidole chochote kugusa kifyatulio. Au anapiga risasi moja, zinatoka mbili. Au tatu.

Kosa linakawia, na hilo ndilo linalotisha katika habari hii nzima. Ukiunga vibaya waya wa umeme, fyuzi inakuambia papo hapo. Kifyatulio kilichosuguliwa vibaya kinakusifu kwanza. Kinakupa mashindano mawili matatu mazuri, kinakufanya uamini mikono yako, halafu kinakugeuka siku ambayo watu wamesimama mstarini, bega kwa bega.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Ile swichi ya usalama ya 1911, inayofungwa kwa kidole gumba, kazi yake ni kulizuia jino hilo hilo lisisogee. Ukibadilisha umbo la jino, umebadilisha pia namna swichi inavyokutana nalo. Mtu alidhani amegusa kitu kimoja, kumbe amegusa viwili, na cha pili ndicho kilichokuwa kinamlinda.

Kanuni za mchezo hazina huruma hapa. Katika IPSC, risasi ikitoka bila kukusudiwa, mshindani anaondolewa kwenye mashindano yote siku hiyo, si kwenye zoezi moja tu. Anafunga mfuko wake na kwenda nyumbani. Tena Marekani kuna sheria ya mwaka 1934 inayobana silaha zinazotoa risasi nyingi kwa mvuto mmoja wa kifyatulio. Mtu ambaye bastola yake imeanza kupiga mbili mbili na ambaye anaendelea kuitumia hivyo anacheza na kitu kikubwa kuliko medali.

Fundi naye ni nani?

Ningependa kuandika kwamba dawa ni rahisi: nenda kwa mtaalamu. Sivyo kabisa.

Nchini Marekani, mtu anayetengeneza silaha za watu wengine kama kazi ya kulipwa lazima awe na leseni ya serikali kuu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1968. Anachunguzwa rekodi yake, anatunza daftari la silaha zinazoingia na kutoka. Lakini leseni hiyo haipimi mikono. Hakuna mtihani wa kitaifa wa kuonyesha kwamba anajua kusawazisha kifyatulio. Na mwenye bastola anayeigusa ya kwake mwenyewe haitaji leseni hiyo hata kidogo, mradi asivuke mipaka mingine ya sheria. Kuna shule za kazi hii, kama ile ya Trinidad, Colorado, ambayo imekuwa ikifundisha tangu 1947. Wapo waliopita huko na wapo waliojifunza kwa kuangalia tu. Kibao mlangoni ni kile kile.

Ujerumani ni tofauti. Huko fundi wa silaha ni miongoni mwa kazi za mikono ambazo mtu hafungui karakana yake bila kuwa na cheti cha ufundi mkuu au ruhusa inayolingana nacho. Liège kuna shule ya Léon Mignon inayofundisha kazi hii, na kuna kitu cha zamani zaidi: nyumba ya kupimia silaha, iliyoanzishwa mwaka 1672. Huko silaha hupigwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, mbele ya wapimaji; ikistahimili inagongwa muhuri. Nchi kadhaa za Ulaya zilikubaliana juu ya vipimo hivyo tangu 1914. Ukibadilisha mtutu, kwa kanuni hizo bastola inapaswa kurudi kupimwa tena. Marekani haina nyumba ya serikali ya namna hiyo. Viwanda vinajipima vyenyewe kwa vipimo walivyokubaliana.

Kwa hiyo Mmarekani anayetafuta fundi anabaki na njia tunazozitumia sisi hapa kutafuta mekanisie wa gari. Anauliza waliotangulia. Anaangalia kazi iliyokwisha kufanywa. Fundi mzuri wa bastola anatambulika kwa maswali yake: unashindana daraja gani, unapiga risasi ngapi kwa mwezi, kanuni yenu inataka uzito gani? Anapima kabla na baada. Anajaribu kwa risasi za kweli, nyingi, kwenye uwanja, kabla ya kukurudishia. Anakupa vipuri vya zamani mkononi ili uone alichotoa. Na kuna siku anakataa. Mteja anataka kifyatulio chepesi kuliko bastola hiyo inavyoweza kubeba kwa usalama, fundi anasema hapana, hata kama pesa ziko mezani. Kwangu mimi alama hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko vyeti vyote ukutani. Mtu wa nyumbani hana wa kumkatalia. Yeye ni mteja na fundi kwa wakati mmoja, na mteja ndiye anayeshinda siku zote.

Hiki ndicho kilichosahaulika katika hoja ya Jim Clark. Ni kweli mafundi wakubwa walianza kama wapenzi. Ila hawakujifunzia kwenye bastola watakayokwenda nayo mashindanoni kesho yake. Aliyejifunza vizuri ameharibu majino mengi ya chuma, akayatupa, akanunua mengine, na hakuna aliyesimama karibu yake wakati akiyaharibu. Anayetaka kuingia katika kazi hii kweli kweli afanye hivyo. Anayetaka tu kupata alama tano zaidi Jumapili ijayo si mwanafunzi. Ana haraka tu.

Pesa na foleni

Tusiwahukumu hata hivyo bila kuangalia mfuko wao. Bastola iliyojengwa yote kwa mkono na fundi mwenye jina inapita dola 3000 kwa urahisi. Kazi ya kifyatulio peke yake inaweza kufika dola mia moja na zaidi, ukiongeza gharama ya kuituma na kuirudisha. Na foleni ni ndefu: kwa mafundi wa kawaida ni wiki au miezi, kwa wale wakubwa ni miaka. Mtu ana mashindano mwezi ujao. Kipuri kinauzwa kwenye intaneti, kinafika siku tatu. Video ya dakika kumi na mbili inaonyesha kazi yote, na mtu anayeonekana humo ana sauti ya upole. Nani hatajaribu?

Tena si kila kitu kinahitaji fundi, na mafundi wenyewe wanaosema ukweli hukubali. Kusafisha bastola, kuipaka mafuta, kubadilisha resori iliyochoka kwa nyingine ya kiwanda kile kile, kubadilisha mashikio yakae vizuri kwenye kiganja, hayo ni mambo ya mwenye nayo. Mshindani asiyejua kufungua na kusafisha bastola yake ni kama dereva asiyejua kuangalia oili. Hata Browning aliibuni 1911 ili askari aifungue bila vifaa. Mara nyingi kinachoitwa kifyatulio kibovu ni uchafu tu, au mafuta yaliyoganda, na tatizo linaisha kwa kitambaa.

Vipuri vinavyokuja tayari vimebadilisha mambo kidogo pia. Kwa bastola za kisasa, kipande kizima hutoka kiwandani kikiwa kimepimwa, na mtu anakiweka bila kusugua chochote. Hatari hupungua hapo, haimaliziki. Tatizo linarudi pale mtu anapochanganya jino la kiwanda kimoja, resori ya kiwanda cha pili na swichi ya cha tatu, kila kimoja kizuri peke yake, na hakuna aliyewahi kuvipima vikiwa pamoja.

Ukiniuliza mimi, mstari si kati ya mpenzi na mtaalamu. Uko ndani ya bastola yenyewe. Kila kinachosaidia bastola ipige vizuri, jaribu, ukikosea utapoteza alama. Kile kinachoizuia isipige wakati hujataka, usikiguse mpaka kuna mtu mwingine, anayejua, wa kukiangalia baada yako. Aliyesimama kushoto kwako mstarini hakukubali kushiriki katika mafunzo yako.

Huku kwetu neno hilo lina maana nyingine

Wakati naandika haya nilikumbuka mkataba wa Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo, uliopitishwa Kinshasa mwezi Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017. Jina lake refu halitaji silaha na risasi tu. Linataja pia vipande na vipuri vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzikarabati na kuziunganisha. Walioandika jina hilo walijua wanachokisema. Katika eneo letu, bunduki haifi. Inaharibika, inakaa msituni, inapata fundi, inarudi. Kwa sheria zetu, mtu anayekarabati silaha bila ruhusa haonekani kama mpenzi wa mchezo. Anaonekana kama mlango ambao vita vinaingilia tena. Congo ina sheria yake juu ya silaha na risasi tangu Septemba 1985, na haikuandikwa kwa kufikiria watu wanaotafuta gramu hamsini mezani.

Kwa hiyo mzee wa Ohio mwenye jiwe la kunolea na kijana wa Masisi mwenye msumeno wanafanya kazi zinazofanana kwa mikono, na hakuna kinachofanana baada ya hapo. Sikuona sababu ya kuwalinganisha zaidi.

Karibu kila majira ya joto, tangu 1907, wapiga shabaha wa Marekani hukusanyika Camp Perry, kando ya ziwa Erie, katika jimbo hilo la Ohio. Kabla ya mashindano yale ambayo mtu anatumia bastola ya aina ya jeshi, kuna meza ya kupimia. Kwa bastola ya 1911 kanuni inataka ratili nne, karibu kilo 1.8. Bastola inaangaliwa kama haina risasi, nyundo inavutwa nyuma, mdomo wa mtutu unaelekezwa juu, ndoano ya uzito inawekwa kwenye kifyatulio. Halafu bastola inanyanyuliwa polepole mpaka uzito unaachana na meza.

Mpimaji haulizi nani alikisugua, mwenye nayo jikoni kwake au fundi wa dola mia mbili. Anasikiliza tu. Nyundo ikibaki juu, mtu anapokea alama yake na kwenda mstarini. Ikilia, anaambiwa arudi akairekebishe, na nyuma yake wengine wanasubiri zamu yao.